Kinachopita na Kinachotozwa

Kwa miaka mingi niliyofundisha katika chuo cha ualimu hapa nyanda za kati, nilikuwa na desturi ya kuanza somo la umeme kwa swali dogo. Nilichora ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana kabisa, moja ikifuata nyingine katika waya mmoja unaozunguka na kurudi kwenye betri. Kisha niliuliza: balbu ipi itawaka kwa mwanga mkali zaidi? Wengi walijibu bila kusita kwamba ni ile ya kwanza. Walipoulizwa sababu walisema kuwa mkondo wa umeme ukifika kwenye balbu ya kwanza hutumika, na kile kinachobaki ndicho kinachoendelea kwenda kwa ya pili.

Jibu hilo si sahihi. Balbu mbili zinazofanana, zikiunganishwa kwa mfuatano, huwaka sawasawa. Mkondo unaoingia balbu ya kwanza ndio uleule unaotoka, ndio uleule unaoingia ya pili, na ndio uleule unaorudi kwenye betri. Hakuna hata chembe yake iliyoliwa njiani. Lakini wale walionijibu hawakuwa watu wajinga. Walikuwa vijana waliofaulu mitihani, walioweza kuandika kanuni ya Ohm gizani na kukokotoa hesabu zake bila kukosea. Na si wa Dodoma peke yao. Wachunguzi wa elimu ya sayansi wamekuta jibu hilohilo kwa wanafunzi wa nchi nyingi, maskini na tajiri. Kosa linaloenea namna hiyo haliwezi kuwa la uvivu. Lina mzizi, na mzizi wake ni kwamba maisha yamekwisha kutufundisha jambo jingine: aliye mbele hula kwanza, na wa nyuma huachiwa makombo.

Nikaona basi kwamba dawa yake haipatikani kwa kuikariri kanuni mara ya pili. Inafaa kuanzia mahali ambapo watu wa nchi hii wanapajua, yaani njia ya misafara.

Ugogo ulikuwa katikati ya njia kuu iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857, na Henry Stanley akapita mwaka 1871. Wageni hawa wote waliacha maandishi yenye manung'uniko juu ya hongo, yaani ushuru uliotozwa na kila mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake. Machoni pa mgeni ulikuwa unyang'anyi. Machoni pa mtemi ilikuwa haki, kwani katika nchi kame kama hii visima vilichimbwa kwa jasho la watu wake, na msafara wa mamia ya watu uliweza kuvikausha kwa siku chache. Hongo ililipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga, na kwa waya wa shaba. Hivyo waya ulifika Ugogo kama mali na pambo la mkono muda mrefu kabla haujafika kama njia ya umeme.

Sasa tufikirie, kwa ajili ya somo tu, msafara usio na mwanzo wala mwisho. Wapagazi wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Pwani wanabebeshwa mizigo, wanapita kwa mtemi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha wanazunguka kurudi pwani mikono mitupu ili wabebeshwe tena. Kila mtemi anatoza hongo. Simama kwa mtemi wa kwanza uhesabu wapagazi wanaopita kwa saa moja, kisha nenda ukahesabu kwa mtemi wa tatu. Utapata idadi ileile, maana hakuna mpagazi aliyeliwa. Kilichopungua ni mzigo ulio kichwani.

Idadi ya wapagazi wanaopita kwa saa ndiyo mkondo, ambao tunaupima kwa ampea. Mzigo wa kila mpagazi ndio mfano wa volteji, tunayoipima kwa volti. Mtemi ni kikinza, kitu kinachoupa mkondo ugumu wa kupita, na ugumu huo huitwa ukinzani na kipimo chake ni omu. Pwani ni betri, ambayo haitengenezi wapagazi bali huwabebesha tu. Mwanafunzi aliyesema kuwa kuna kitu kinachotumika hakukosea, kipo kweli. Alichokosea ni kukitambua kitu chenyewe. Alidhani ni wapagazi, kumbe ni mzigo.

Tuliweke katika hesabu ndogo. Chukua betri tatu za tochi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja volti 1.5, jumla volti 4.5. Ziunganishe na vikinza viwili kwa mfuatano, kimoja omu 3 na kingine omu 6. Ukinzani wote ni omu 9, na mkondo ni nusu ampea kila mahali katika mzunguko. Kikinza cha omu 3 kinatoza volti 1.5, na cha omu 6 kinatoza volti 3. Mwenye ukinzani mkubwa ametoza zaidi, awe ametangulia au amefuata. Ukibadilisha nafasi zao hakuna kitakachobadilika. Sasa ongeza kikinza cha tatu, cha omu 9, mwishoni kabisa mwa mstari. Ukinzani wote unakuwa omu 18, na mkondo unashuka hadi robo ya ampea. Haushuki kwa huyo mgeni peke yake. Unashuka hata kwa yule wa kwanza aliyekuwa amekaa kwa raha mlangoni mwa betri, na sehemu yake inapungua kutoka volti 1.5 hadi 0.75.

Hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakinong'ona. Yule wa kwanza amejuaje kwamba kuna mgeni huko nyuma, wakati mkondo haujamfikia? Hilo ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba waya hauwi mtupu kamwe. Chembechembe za umeme zimejaa ndani yake tangu mwanzo, kama wapagazi waliojipanga njia nzima. Zenyewe hutambaa polepole sana, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Lakini msukumo unaoziambia ziende au zipunguze mwendo husambaa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mtemi wa mwisho akiwachelewesha watu wake, foleni hurudi nyuma hadi pwani.

Mfano ni kama mkongojo: unasaidia kutembea lakini haugeuki kuwa mguu. Wapagazi wa kweli walitoroka, waliugua, walikufa njiani, na wakirudi pwani walibeba pembe za ndovu. Tena mtemi wa kweli aliweza kujadiliana na kupunguza hongo kwa rafiki. Kikinza hakijadiliani. Hutoza kwa kadiri ya ukinzani wake, na hongo za wote zikijumlishwa hulingana na mzigo wote uliotoka kwenye betri, bila kuzidi wala kupungua. Mjerumani Gustav Kirchhoff aliiandika kanuni hiyo mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21.

Lakini aliyefungua mlango alikuwa mwalimu wa shule. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, baba yake akiwa fundi wa makufuli aliyejisomesha mwenyewe na kisha akawafundisha wanawe hesabu. Kuanzia mwaka 1817 Ohm alifundisha hesabu na fizikia katika shule moja mjini Köln. Shule ilikuwa na maabara, naye aliitumia baada ya vipindi. Alitaka kujua jambo moja: urefu wa waya unaupunguzaje mkondo?

Kwanza alitumia betri za wakati ule, zikamtesa, kwani nguvu yake ilipungua wakati jaribio likiendelea. Ndipo akashauriwa kutumia chanzo kingine kilichogunduliwa miaka michache kabla, yaani viungo vya metali mbili ambavyo hutoa umeme kiungo kimoja kikiwa moto na kingine baridi. Ohm alitumia bismathi na shaba. Kiungo kimoja alikiweka katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka havibadiliki joto, na kwa hiyo umeme wake haukuyumba. Kisha akaweka nyaya za shaba za urefu mbalimbali, moja baada ya nyingine, na kupima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Matokeo aliyatoa mwaka 1826, na mwaka 1827 akachapisha kitabu kizima juu ya saketi ya umeme.

Kitabu hicho kilipokewa kwa ubaridi. Wasomi wengi wa nchi yake hawakupenda hesabu ziingie namna ile katika fizikia. Ohm aliacha kazi ya Köln na kukaa miaka kadhaa akiishi kwa kuunga unga. Heshima ilimjia kwanza kutoka ugenini, pale Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley mwaka 1841. Uprofesa kamili wa chuo kikuu, pale München, aliupata mwaka 1852, miaka miwili kabla ya kufa. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa mafundi umeme uliofanyika Paris uliamua kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake.

Nimewasimulia walimu vijana habari hii mara nyingi, na sikuwasimulia ili wamhurumie Ohm. Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameiona kanuni ileile katika miaka ya 1780, akipima mkondo kwa ukali wa mshtuko aliousikia mwilini mwake mwenyewe. Alikuwa tajiri na hakuhitaji kazi wala sifa, akayafungia maandishi yake kabatini. Yalichapishwa mwaka 1879, wakati dunia ilikuwa imekwisha kujifunza kwa Ohm. Mmoja alikuwa na utajiri, mwingine alikuwa na wanafunzi. Aliyekuwa na wanafunzi ndiye aliyeona haja ya kusema.

Kwa nini dunia ikabadili mawazo yake juu ya Ohm? Kwa sababu ya simu. Neno hili simu tumelipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Kabla ya kuzungumza kwa sauti, simu ilikuwa ni kupeleka alama kwa kugonga, na huenda ndiyo maana hadi leo tunasema kupiga simu. Mwaka 1825 Peter Barlow, mwalimu wa chuo cha kijeshi pale Woolwich, alijaribu kupeleka umeme katika waya mrefu. Aliona nguvu inapungua haraka mno kadiri waya unavyorefuka, akakata tamaa kwamba simu ya umeme haiwezekani. Alichokiona kilikuwa kweli, ila hitimisho halikuwa sahihi. Mwaka 1831 Joseph Henry, naye mwalimu wa shule ya Albany huko Marekani, aligonga kengele kwa umeme uliopita katika waya wenye urefu wa zaidi ya maili moja. Siri yake ilikuwa kupanga betri nyingi ndogo kwa mfuatano badala ya kutumia betri moja kubwa. Waya mrefu ni kikinza kirefu, na dawa yake ni kuongeza mzigo pale pwani.

Kebo ya baharini kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, ikaendelea hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamekwisha kuvuta nyaya za simu kupita nyanda hizi za kati kwenda Tabora. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waya ulipita njia ileile ya misafara, ukivuka nchi ileile kame.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 450. Tuseme waya ni wa chuma wenye unene wa milimita 4. Kila kilomita ina ukinzani wa takriban omu 8, na kwa safari nzima ni omu 3,600. Ongeza omu 400 za chombo cha kupokelea, jumla inakuwa omu 4,000. Kama chombo hicho kinahitaji mkondo wa sehemu 20 za elfu za ampea ili kigonge, utahitaji volti 80. Hiyo ni safu ya betri zaidi ya 50 za volti 1.5, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Katika hizo volti 80, waya utatoza 72, na chombo chenyewe, ambacho ndicho kilichokusudiwa, kitapata 8 tu. Hivyo ndivyo ulivyo umbali kwa lugha ya umeme.

Waya wa kurudi haukuhitajika. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil alionyesha mjini München kwamba ardhi yenyewe inaweza kuurudisha mkondo. Lakini ardhi ni sehemu ya saketi kama sehemu nyingine, nayo ina ukinzani wake pale nguzo ya chuma inapozikwa. Udongo mkavu ni kikinza kikubwa, na mtu wa Dodoma haitaji kuelezwa udongo mkavu ni nini mwezi wa Oktoba. Ndiyo maana mafundi huzika chuma kwa kina, au huumwagilia maji udongo unaokizunguka.

Katika mtindo mmoja wa simu za kugonga uliotumika sana duniani kwa njia zenye vituo vingi, vyombo vya vituo vyote viliunganishwa kwa mfuatano katika waya mmoja. Uzuri wake ni kwamba karani yeyote aliweza kusikia, awe mwanzo wa njia au mwisho. Ubaya wake ni kwamba waya ukikatika popote, wote walinyamaza kwa pamoja.

Sheria hiyohiyo inakaa ndani ya tochi. Wazazi wetu walianika betri juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu, na mara nyingi walifanikiwa kidogo. Lakini watu wengi huchanganya betri tatu mpya na moja iliyochoka, wakidhani wanaokoa fedha. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani yake. Kwa kuwa imo katika mfuatano, mkondo wote hauna budi kupita tumboni mwake, nayo huwatoza wenzake wapya hongo njia nzima. Kuipeleka nyuma badala ya mbele hakusaidii kitu.

Imo pia katika nyaya zinazopita vijijini mwetu. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika mahali ambapo kizazi changu hakikutegemea kuziona. Katika kijiji kikubwa, nyumba iliyo mbali na transfoma huona balbu zikififia saa moja jioni, wakati kila mtu amewasha taa na wengine wanapiga pasi. Nimesikia watu wakisema kuwa wenzao wa karibu na transfoma wanauvuta umeme wote. Nyumba zenyewe zimeunganishwa sambamba, kila moja na njia yake, lakini waya unaokuja kutoka kwenye transfoma ni kikinza kilicho katika mfuatano na wote. Mkondo mwingi ukipita humo, waya unatoza volti nyingi. Dawa ni waya mnene zaidi, au transfoma ya pili, au kusafirisha umeme kwa volteji kubwa ili mkondo uwe mdogo. Kwa sababu hiyo njia kubwa ya gridi iliyotuletea umeme wa maporomoko mwishoni mwa miaka ya 1980, kutoka Iringa kupitia Mtera hadi Dodoma, Singida na Shinyanga, ilijengwa kwa volti 220,000. Kabla ya hapo taa za mji huu zilitegemea mashine za dizeli.

Nimeitaja Mtera. Huko ndiko ninakotaka kumalizia, kwa kuwa huko swali langu la ubaoni liligusa maisha ya watu.

Mto Ruaha Mkuu unatoka nyanda za juu za kusini, unapita tambarare za Usangu na Hifadhi ya Ruaha, kisha unafika kwenye bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Mto Kizigo, unaokusanya maji ya upande wetu, nao huingia humo. Kutoka Mtera maji hushuka hadi Kidatu. Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975 na baadaye kikapanuliwa hadi megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa baadaye, kwanza kama ghala tu la maji ya Kidatu. Mitambo yake miwili ya megawati 40 kila mmoja ilianza kazi mwaka 1988.

Vituo hivi viwili vipo katika mfuatano. Maji yaliyozungusha mitambo ya Mtera hayajaliwa. Yanatoka upande wa pili yakiwa ni yaleyale, na yanakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu. Kilichotozwa ni kimo: Mtera inatoza anguko la kiasi cha mita 100, na Kidatu inatoza mita 175. Tangu Februari 2024, pale mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha katika mto Rufiji, maji hayohayo yana mtemi wa tatu anayeyasubiri.

Lakini mto una mambo ambayo waya hauna. Kati ya Mtera na Kidatu inaingia mito mingine, kama Lukosi na Yovi. Na juu ya bwawa maji huliwa kweli: hunywewa na mashamba ya mpunga, na huchukuliwa na jua la nyanda za kati linalopiga juu ya ziwa pana lenye kina kidogo. Mtera hujaa ikifika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na haitakiwi kushuka chini ya mita 690. Katika miaka ya 1990 na tena mwaka 2006 maji yalipungua, nchi ikaingia katika mgao wa umeme, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi tangu mwaka 1993. Wengi wakaona jibu ni rahisi: aliye mbele amekula. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa Usangu.

Watafiti waliokuwa wakipima maji wakati huohuo walieleza jambo lenye pande mbili. Kukauka kwa mto wakati wa kiangazi kulihusiana kweli na maji yaliyokuwa yakichepushwa huko juu. Lakini maji ya kiangazi ni kidogo sana yakilinganishwa na yale yanayoijaza Mtera, ambayo huja kwa mafuriko ya majira ya mvua. Kwa hiyo upungufu wa Mtera haukuweza kuelezwa kwa kiangazi cha Usangu peke yake. Ilibidi kutazama pia mvua za mwaka, na jinsi maji yalivyofunguliwa kutoka Mtera kwenda Kidatu. Hayo ni mambo mawili tofauti, nayo yalizungumzwa kana kwamba ni moja. Mto mkavu hifadhini ni tatizo la kweli, na taa zinazozimika mijini ni tatizo la kweli, ila la kwanza halikuwa maelezo ya kutosha ya la pili.

Sisemi kwamba mkulima au mfugaji hana wajibu kwa mto. Nasema kwamba kabla ya kuhamisha watu inafaa kuuliza maswali mawili ambayo mwanafunzi wa balbu mbili anapaswa kuyauliza: hapa kinachopita ni nini, na kinachotozwa ni nini? Katika waya, mkondo unapita na volteji inatozwa. Katika mtambo wa Mtera, maji yanapita na kimo kinatozwa. Katika shamba la mpunga na juu ya uso wa ziwa, maji yenyewe yanatozwa. Asiyetenganisha mambo hayo atamshtaki mtu kwa kitu ambacho hakukichukua, na atamwachia mwingine aliyekichukua kweli.

Maswali hayo hayajibiwi kwa hoja wala kwa sauti kubwa. Ohm aliyajibu kwa sindano ya sumaku, na wapimaji wa Ruaha waliyajibu kwa mbao za vipimo zilizosimikwa mtoni. Mwalimu wa shule yoyote anaweza kufanya vivyo hivyo kwa betri za tochi, balbu mbili na ameta moja ya kuazima. Aiunganishe ameta hiyo kabla ya balbu ya kwanza, wanafunzi wasome na kuandika. Kisha aihamishe baada ya balbu ya pili, wasome tena. Waacheni walinganishe namba hizo mbili wenyewe kabla mwalimu hajasema neno.